Walinikalia Msiba Nikiwa Hai, Sasa Wanataka Nitoe Shukrani

Admin, salamu. Jina langu lifiche, ingawa Watanzania wa Toronto wakisoma kidogo tu watanijua. Nina miaka thelathini na mbili, sijaolewa, sina mtoto, na kazi yangu ni kuteleza kwenye theluji. Najua mmeshaanza kucheka. Sisemi kuteleza kwa watalii. Tunapelekwa juu ya milima mikali magharibi mwa Canada, mahali pasipo na njia, tunafunga miguuni skii, zile mbao ndefu za kutelezea, na kushuka, huku kampuni ya nguo za baridi ikitupiga video za kutangazia makoti yake. Nilianzia kilima kidogo nje ya mji, siku walimu walipotupeleka darasa zima kutoka Malvern, mtaa wetu hapa Toronto. Wenzangu walilia baridi. Mimi nilikataa kupanda basi la kurudi.

Mama alinitoa Moshi nikiwa mdogo, akanilea peke yake kwa kazi ya kuhudumia wazee. Akiulizwa nafanya nini husema, "Yuko kwenye michezo," halafu anabadilisha mada. Huko milimani nako ni mimi Mwafrika peke yangu, katikati ya watu waliofundishwa kuteleza na baba zao. Jioni wanakumbushana utoto, mimi nacheka kwa sababu wanacheka. Kote kuwili nilikuwa mgeni, na mtu pekee aliyenijua pande zote alikuwa Joanne, mtelezaji mwenzangu, Mzungu. Alikuja kwetu mara nyingi akala ugali kwa mkono. Mama alimfundisha shikamoo, naye akawa anamwamkia kila mtu, mpaka watoto wachanga.

Mwishoni mwa majira ya baridi yaliyopita, theluji iliporomoka ikatufunika wote wawili. Mimi nilichimbuliwa nimevunjika bega. Joanne walimtoa ameshakufa.

Habari ikasambaa mtandaoni kwamba mmoja kati ya wanawake wawili amefariki, na picha waliyoiweka juu ilikuwa yangu, kwa kuwa ndiyo kampuni hupenda kuiweka kila mahali. Mtu mmoja akairusha kwenye grupu la Watanzania wa hapa, akaandika, "Tumempoteza dada yetu." Hakuna aliyesoma mpaka chini. Simu yangu ilibaki kwenye theluji, na namba ya mama waliyokuwa nayo kampuni ilikuwa ya zamani. Kwa hiyo mama akipiga sipatikani, na watu wanazidi kuingia na masufuria.

Nilipopata nguvu hospitalini, nesi aliniazima simu yake. Ikapokewa na mwanamume nisiyemjua.

"Naomba kuongea na mama."

"Dada, hapa ni msibani. Mfiwa hawezi kuongea sasa hivi. Nani mwenzangu?"

Nikamtajia jina langu. Yule kaka akakata simu.

Nilipopiga tena akapokea mke wa mchungaji wetu, tunamwita Mama Mchungaji. Alinitaka nitaje jina la bibi yangu wa Moshi ndipo aamini. Halafu nikasikia nyumba nzima inapiga vigelegele.

Niliporudi Malvern sebule ilikuwa bado imejaa. Makochi yamesukumwa ukutani, mikeka chini, ila sasa wanaimba na kucheza. Nililia, wakasema ni machozi ya furaha. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, Joanne amekufa."

"Mungu amlaze pema," akasema. "Lakini wewe upo, mwanangu." Akaendelea kugeuza wali.

Iliniuma, jamani. Najua alikuwa ametoka kwenye kifo changu, lakini iliniuma. Watu wote wale, na hata mmoja hakuniambia pole. Nilikwenda mazishi ya Joanne na bega langu limefungwa. Ibada ilikuwa fupi, tukapewa chai na mkate, kila mtu akawasha gari lake akaondoka. Mama yake alibaki amesimama mlangoni na mkoba wake. Nikawaza watu waliolala sebuleni kwetu kunililia mimi mzima. Joanne hakutandikiwa hata jamvi moja.

Sasa mama ameandaa shukrani. Wasiojua, kwetu ukiponea kifo unasimama kanisani, ndugu wanakusindikiza mbele, unatoa ushuhuda. Ameshashonesha vitenge vya sare. Mama Mchungaji alikuja kunielekeza: "Utasema Bwana amekuokoa, na mbele ya madhabahu yake milima umeiacha. Mama yako anasubiri hilo neno."

Na kampuni nayo inataka jibu kama narudi msimu ujao. Bega limepona. Ukweli wangu ni kwamba nataka kurudi. Naogopa, lakini nikikaa mjini najiona kama nimevaa nguo ya mtu. Nilijaribu kumweleza mama. Hakufoka. Alisema, "Mimi nimeshakulilia nikamaliza. Nilishachagua mpaka gauni la kukuzikia. Ukirudi kule usinipigie simu kuniambia umefika salama, maana kwangu utakuwa hujafika popote." Tangu siku hiyo ananipakulia chakula bila kuniangalia.

Ndugu zangu, shukrani ni Jumapili hii. Nikisema nimeacha, nitakuwa nimedanganya madhabahuni na kuachana na kitu pekee ninachokijua. Nikisema narudi, namwua mama mbele ya washirika wote. Nikitoroka, nampa aibu ambayo hataimaliza. Na moyoni, nikikabidhiwa kipaza sauti, ninachotaka ni kuwaomba wakae chini wanisaidie kumlilia rafiki yangu, maana namlilia peke yangu na nimechoka. Mngekuwa ninyi mmesimama pale mbele, mama yenu amevaa sare kiti cha kwanza anawaangalia, mngesema nini?