Wageni Waliokuja Kupima Uwanja Wetu

Watu wa Ruiru, niambieni: hii ni habari njema ama tunaibiwa mchana?

Leo nikiwa mazoezini na timu yangu ya wasichana, gari jeupe liliingia hadi katikati ya uwanja.

Wakashuka wanaume watatu, wakaanza kupigilia vigingi kwenye nyasi.

Nikawauliza kuna nini.

Mkubwa wao akatabasamu. "Kocha, furahi! Kenya inashindana na nchi zingine kuandaa mashindano makubwa ya mpira. Tukipewa, timu za nje zitafanyia mazoezi hapa."

Ngai! Nilifurahi kweli. Hadi nikamshika mkono.

Halafu nikaangalia vile vigingi.

Vilikuwa vimekata uwanja vipande vipande, vyote saizi moja. Kama ploti za kuuza.

"Mkubwa, sasa goli litakaa wapi?"

Akawaangalia wenzake. "Hayo ni ya baadaye."

"Na mmetumwa na nani?"

Akaweka simu sikioni, akasema "haloo, haloo" akirudi kwa gari. Mimi sikusikia simu ikilia.

Wakaenda. Vigingi wakaviacha.

Akinyi, golikipa wangu, akaniuliza pole pole, "Kocha, bado tuna uwanja?"

Nilimwambia tu kesho asubuhi tuna mazoezi, na kila msichana aje na mzazi wake.

Pengine nina wasiwasi bure. Lakini kama unakaa karibu, nawe njoo. Mpira si lazima ujue.