Agronomu Aliyeondoka Kabla ya Mvua

Mwaka jana nilirudi Likasi, nikapanda pikipiki njia ya Koni, nikamwambia dereva anishushe palipokuwa na shamba la nkambo. Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi kwetu. Nilikuta nyumba za matofali mabichi. Mtoto mmoja alinitazama nikizungukazunguka kama mtu aliyeangusha funguo. Nilitaka kumwambia kwamba pale aliposimama palikuwa na mahindi, ndugu yangu, lakini niliona haya.

Nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa kwa nkambo. Baba alifanya kazi mgodini Kakanda, na mshahara ulikuwa umeanza kukatika miezi mizima. Kwa nkambo hapakuwa na mtoto mwingine. Asubuhi tulitembea saa nzima hadi shambani, jioni tulikula bukari, yaani ugali, na mchicha wa lengalenga, na katikati ya hapo niliongea na kuku.

Mtu pekee aliyetutembelea alikuwa agronomu, yaani bwana shamba wa serikali, aliyekuja kila Alhamisi kwa baiskeli, suruali ameichomeka ndani ya soksi. Siku ya kwanza alimwangalia nkambo akitupa mbegu tano tano kwenye kila shimo, akasema taratibu, "Mama, hii mahindi itapigana."

"Miye nililima mbele weye uzaliwe," nkambo akajibu bila kuinua kichwa.

Hakubishana. Alivua viatu, akanyoosha kamba yenye mafundo, akaniomba nishike ncha moja. Tulipanda mistari sita tu, mbegu mbili kwenye kila fundo, tukamwachia nkambo shamba lililobaki. Alipoondoka nkambo alicheka mpaka akakaa chini. Wakati wa kuvuna, mistari ile sita ilitoa masuke manene kama mkono wangu. Alhamisi iliyofuata nkambo alimtengea agronomu munkoyo, kinywaji chetu cha unga wa mahindi na mizizi, akasema, "Mwaka yenye kuja, shamba yote." Majirani nao wakaja kuazima kamba aliyotuachia.

Kisha mji ukaharibika. Agronomu alizaliwa Likasi, lakini babu yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini, na mwaka ule watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao na wenyeji, wakiambiwa warudi kwa babu zao. Alhamisi ikapita bila baiskeli, ikapita na nyingine. Nkambo aliposikia kwamba wako stesheni wakingoja treni, alijaza mfuko unga wa mahindi yetu, akajitwika, nami nikamfuata. Jirani mmoja, mama aliyeazima kamba ile ile, alimsimamisha njiani.

"Juu ya nini unabapelekea bunga?"

Nkambo alimpita tu.

Stesheni familia zililala chini, kati ya magodoro, sufuria na mabati waliyong'oa kwenye nyumba zao. Moshi ulichoma macho. Tulimkuta agronomu ameketi juu ya sanduku, mkewe akinyonyesha chini ya turubai. Alipokea unga kwa mikono miwili, kisha akauliza, "Mvua ilisha kuanza kule?"

"Mutoto yangu, uko unalala inje na batoto, unaniuliza mvua?"

"Ngojea kwanza mvua kubwa tatu, mama, njo upande. Na ukiona majani iko na mistari ya njano, ng'oa ile mahindi mbio, uchome. Usiihurumie."

Nkambo aliyarudia maneno yale kama mtu anayejifunza sala, huku machozi yakimtiririka. Sikuwahi kumwona akilia.

Novemba tulipanda wawili, mimi ncha hii ya kamba, yeye ncha ile. Januari mistari ya njano ikatokea. Nkambo aling'oa mche mmoja, akaugeuzageuza, akasita. Kung'oa chakula kwa mikono yako si jambo dogo, na hapakuwa na wa kumuuliza kama ndio ugonjwa ule aliotajiwa. Tulikwenda ofisi ya kilimo mjini, tukakuta kufuli. Alhamisi ilipofika aliketi kando ya barabara hadi jua likapinda, nami sikuthubutu kumwambia twende nyumbani. Alipoamua kung'oa, ugonjwa ulikuwa umeshika nusu ya shamba. Mwaka ule tulikula mara moja kwa siku, na jirani yule akarudia kutupa mbegu tano tano.

Watu wa Likasi wakizungumzia miaka ile hutaja mgodi, mishahara, treni. Mimi hukumbuka kwamba kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuja kusimama shambani kwako, kutazama jani moja, na kukwambia lina nini. Hakuja mwingine baada yake.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana na watu waliorudi kutoka Kasai, na mara nyingi nilitaka kuwauliza kama alifika salama. Lakini sisi tulimwita Agronomu tu. Sikuwa na jina la kumuulizia.