Mfupa wa Kukanyagia

Kila nikifungua kopo la mafuta ya mgando nimpake shangazi miguu, visigino vyake vinanirudisha shambani kwa bibi, kule Nkoaranga, asubuhi ya mvua ya kwanza.

Shangazi alikuwa anasomea uuguzi, na mchana ule alikuwa na mtihani wa mifupa. Bibi hakutaka kusikia: mvua ikishanyesha, mbegu kwanza! Basi bibi akachimba mashimo, mimi nikadondosha maharage, shangazi akafukia na kukandamiza kwa kisigino, huku akitaja mfupa mmoja kila shimo. Daftari lake nilikuwa nalo mimi.

"Na huo unaokanyagia?" nikamuuliza.

Akasimama, mguu hewani. "Mungu wangu, huo ndio unanitoka kila siku!"

Nikamsomea kwa sauti: kalkaneusi. Ni jina la Kilatini, limetokana na neno la Warumi la kisigino, lilelile lililozaa neno lao la kukanyaga.

Bibi akaegemea jembe. "Kumbe na wao walifukia hivihivi?"

"Hivihivi, mama!" Shangazi akaumaliza mstari mbiombio, kalkaneusi kila shimo, mimi nikimwitikia, hadi bibi naye akalishika. Kisha shangazi akateremka kilima kwenda mtihanini, tope likiwa bado miguuni.

Leo nimekishika kisigino hichohicho kiganjani.

"Mfupa huo unaitwaje?" shangazi ananihoji.

Najifanya nimesahau. Anakikandamiza kiganja changu kwa nguvu, kama anafukia mbegu, na kulitaja jina lake kwa sauti mpaka majirani wanacheka.