Viboksi Viwili kwa Mali Kauli

Mama alikosa mazishi ya dada yake kwa sababu ya nyonga. Mama mkubwa alipofariki kule Kilimanjaro, mama alikuwa wodini hapa Dar amewekewa vyuma, na mimi nilibaki kumhudumia. Wajomba walizika. Baadaye wakapiga simu kusema marehemu wamemlaza pembeni ya bibi, kama alivyoomba mwenyewe. Mama akawashukuru, akakata simu, akaniambia haamini.

Alikuwa na sababu. Mama mkubwa hakuolewa, na kwa miaka yote maneno yalikuwa kwamba mwanamke wa namna hiyo atawekwa chini kabisa mwa kihamba, yaani shamba la ukoo, kule migomba inakoishia kwenye njia. Wajomba walituma picha moja ya msalaba na mashada. Mama aliitazama kwenye simu yangu, akanirudishia. "Hii ingeweza kupigwa popote," alisema. Watu husema ubishi wangu nimeupata chuo kikuu. Hawamjui mama.

Ilipokaribia kumbukumbu ya mwaka, binamu yangu akaahidi kuirusha misa mtandaoni kwa simu yake. Kusafiri hakukuwezekana. Tunaishi ghorofa ya nne, jirani na Msimbazi, jengo halina lifti, na mama hushuka siku za kliniki tu. Kwenye simu haoni vizuri. TV yetu ni kubwa lakini ni ya zamani, haijui mtandao ni nini. Ilihitaji kiboksi cha Android, na nikatumwa kukitafuta.

Nilizunguka Kariakoo mchana mzima. Kila duka lilikuwa na kiboksi kilichoshinda vyote, na kila kasha liliandikwa 4K, kipimo cha ukali wa picha, kwa herufi za dhahabu. Moja liliandikwa 8K. Nikamuuliza muuzaji hiyo 8K ataionaje mteja, wakati hata TV za dukani kwake hazina uwezo huo.

"Sista," akasema, "unanunua au unanifanyia intavyuu?"

Nikampigia mama. Akaniambia niache kuzurura, niende kwa mzee wa Kihindi anayeuza vifaa vya umeme, yule aliyepakana na duka lake la vitenge miaka ile alipokuwa anafanya biashara. "Mwambie nataka mali kauli."

Mali kauli ni utaratibu wa wafanyabiashara wa Kariakoo wenyewe kwa wenyewe: unachukua mzigo kwa neno tu, ukiuza unalipa, usipouza unarudisha.

"Mama, sisi hatuuzi. Tunatazama misa."

"Atanielewa."

Yule mzee alikuwa amekaa chini ya picha ya mungu wake iliyovishwa maua ya manjano, ubani ukifuka pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si binti wa mama vitenge? Nyonga yake inaendeleaje?"

Nikamweleza. Hakuuliza swali. Akashusha viboksi viwili, kimoja chenye kasha linalong'aa, kingine kwenye kasha jeupe lisilo na makuu, akavifunga kwenye mfuko mmoja. Nikaomba risiti.

"Risiti ya nini? Umenunua?"

"Je, nikipotea navyo?"

"Utapotelea wapi, binti? Mama yako hawezi hata kukimbia."

Duka zima likacheka. Mimi nilicheka nikiwa njiani, na kwa shingo upande, maana bado sikuona ni nini kilichomlinda yule mzee asidhulumiwe.

Nyumbani nikaanza na kinachong'aa. Menyu zake zilikuwa za kupendeza, kumbukumbu kubwa, na kilikuja na video yake ya majaribio, samaki wa rangi zote wakielea. Nilikuwa nimeshakichagua moyoni.

"Samaki wa nini?" mama akasema. "Weka shamba."

Nikaweka video ambayo binamu alitutumia Krismasi, watoto wakikimbizana kwenye migomba. Mama akasogeza kiti.

"Huo ni uji. Nionyeshe mgomba uko wapi na sale liko wapi."

Sale ni mmea wa majani marefu membamba ambao kwetu hupandwa mipakani na makaburini. Yale yaliyozunguka kaburi la bibi aliyapanda mama kwa mikono yake akiwa msichana. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anatafuta. Nikabonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti ya TV. Kasha lilisema 4K, mipangilio ya kiboksi ilisema 4K, lakini picha iliyokuwa inaingia kwenye TV ilikuwa 720, hata TV yetu ya zamani iliizidi. Nikachomeka cha pili. Kilikuwa kizito kufunguka na menyu yake ilichosha macho. Picha ikaingia 1080, na majani yakaachana.

Nilipokirudisha kile cha kwanza, nilimwambia mzee kuwa kinadanganya.

"Najua."

"Sasa kwa nini unakiuza?"

"Wateja wananiuliza kilichoandikwa kwenye kasha. Hicho kimeandikwa vizuri."

Nikamwambia hiyo si sababu. Akakubali kwamba si sababu, akakipandisha rafuni. Kile kingine akakataa kupokea hela yake mpaka mama aone kazi yake. Mpaka leo sijui nimweke kundi gani, la wakweli au la waongo.

Siku ya misa mtandao ulikatika mara kadhaa. Padri alionekana vizuri, wajomba na suti zao walionekana vizuri, na binamu akashikilia simu karibu na msalaba, ile ile picha ya mwaka jana.

"Mwambie arudi nyuma," mama akasema.

Nikamwandikia. Binamu akarudi nyuma hatua chache. Nyuma ya msalaba mpya yakatokea masale, marefu, yenye mashina mazee yaliyopinda.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Mama akasogeza kiti tena. Kisha akasema, "Ya kwangu hayo."

"Una uhakika? Masale yote yanafanana."

"Umeanza." Alinyoosha fimbo yake hadi karibu iguse kioo. "Moja lilikufa. Sikupata la kupandikiza, nikaweka jiwe. Angalia chini, kushoto."

Nikasogea. Kati ya shina na shina palikuwa na pengo, na ndani ya pengo jiwe la kijivu limezama nusu kwenye udongo.

"Haya, endelea," mama akasema. Nikaachia picha itembee, akaimba na kwaya hadi mwisho.

Jumatatu nikaenda kumlipa mzee.