Sonde Mbili za Mavivi

Nilikuwa fundi wa kampuni yenye ndege moja ndogo kwenye uwanja wa Mavivi. Asubuhi ile walituletea mulimaji wa kakao wa Oicha, amepigwa risasi ya tumbo shambani kwake. Daktari wa Beni alitaka afike Bunia kwa ndege, maana barabara ya huko ilikuwa imefungwa na mauaji.

Rubani alipowasha mota, joto lilipanda kupita kiasi, na nguvu ya hewa ikabaki chini. Akazima.

Hakuna chombo kinachoweza kudumu katikati ya moto wa mota ya ndege. Kwa hiyo sonde, kile chuma kinachopima joto, tunakifunga nyuma kidogo, pale hewa ya moto inapotokea. Nikaifungua, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye mota iliyokufa zamani. Tukawasha tena. Joto likawa zuri kabisa. Mais lakini sonde ya pression, inayopima nguvu ya hewa, ilikuwa bado chini, kama mbele.

Chef wangu, mkubwa wa kazi, akafurahi. “Muzuri! Acha hiyo, ndege iende.”

Ile nguvu ya chini ilinitia shaka, nikamwomba anisubiri. Nikaziingiza sonde zote mbili za joto, ya kwanza na ya zamani, katika kitanuru cha atelier, karakana yetu, kwa moto mumoja, pamoja na ya tatu, mpya, tuliyokuwa nayo ya kupimia tu, isiyoingia kwenye mota yetu. Ile ya kwanza ilikubaliana na mpya. Ile ya zamani ilibaki chini sana.

“Chef, hii ya zamani iko inadanganya. Mota ndiyo mugonjwa.”

“Kuna mutu anakufa hapa, fundi!”

“Naona. Mais siweki hii.”

Bibi ya mulimaji, mama wa watoto wake, alikuwa karibu na mlango, amesikia yote. Alikuja akanishika mkono. Tulikuwa tunasali kanisa moja pale Beni.

“Papa, chagua ile inasema muzuri. Ninakuomba. Dakika kidogo tu, wafike.”

Nilishindwa kumwangalia. Nilimwambia mota ikizimika juu, ndani ya ndege watakuwa watu wanne, na yeye pia. Akaniachilia mkono.

Rubani alipoona vipimo vya kitanuru, alikataa kuruka. Walimpakia mgonjwa kwenye gari kuelekea Butembo, barabara iliyobaki wazi, katika matope. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya bibi yake.

Siku tulipofungua mota, tulikuta chumba cha moto kimepasuka, na mapanga ya turbine, yale yanayozungushwa na hewa ya moto, yameungua ncha. Rubani alishika kipande kimoja, akakaa chini. Chef alinipa mkono mbele ya wote.

Mimi sikuhisi furaha. Jumapili yule mama aliingia kanisani na nguo nyeusi, akaniona kwenye benchi, akaenda kukaa upande mwingine na batoto bake. Bibi yangu alimufuata akamweleza habari ya mota. Yule mama alisikiliza hadi mwisho.

“Ninaelewa,” alisema. “Mais bwana yako asinisalimie.”

Tangu siku hiyo, simusalimii.