Wapigania Haki Wawili, Hurlingham na Kangemi

Nilikwenda Nairobi kwa sababu darasa langu la historia lilinishinda. Huko Vihiga ninakofundisha, tulikuwa tunasoma jinsi Wamarekani Weusi walivyopigania haki zao, na wanafunzi wakagawanyika. Wengine waliwaunga mkono viongozi walioandamana bila kurusha hata jiwe, wengine wale waliosema anayekupiga mrudishie. Waliponiuliza nani alikuwa sahihi, nilisema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Rafiki yangu wa Parklands aliwafahamu Wamarekani Weusi wawili, Mama Dorothea na Mzee Wendell, waliokuwa katika mapambano hayo ujanani, kisha wakahamia Kenya. Nikapanda basi la alfajiri.

Hurlingham, alasiri. Mama Dorothea anaishi kwenye ghorofa karibu na Barabara ya Argwings Kodhek. Alinimiminia chai, akanisimulia alivyoketi katika mkahawa wa Wazungu pekee huko Marekani hadi mmoja akammwagia kahawa ya moto shingoni.

"Ukafanya nini?"

"Niliagiza nyingine. Nilitaka watu wamwone yeye, Mwalimu. Ningempiga, wangeniona mimi."

Nilipomtaja Mzee Wendell, aliniuliza kama nataka sukari zaidi.

Kesho yake asubuhi, Kangemi. Jirani aliyekuwa akikata sukuma wiki mlangoni alinionyesha chumba cha mzee. "Ako ndani. Lakini usimwambie atulie, hapendi hiyo maneno."

Sikumwambia. Mzee Wendell alisema maandamano aliyaona upuuzi, lakini waandamanaji walikuwa wakilala nyumbani kwa Dorothea, na kulikuwa na watu walioapa kuichoma nyumba hiyo. Dorothea alikataza bunduki. Wendell alikaa kibarazani na bunduki yake kila usiku, akiondoka kabla Dorothea hajaamka.

"Hajui mpaka leo," alisema. "Aliniita mtu wa hatari mbele ya mkutano mzima. Hatujasemezana tangu siku hiyo."

"Na mnaishi mji mmoja."

"Ni mji mkubwa."

Nikamweleza kwamba Mama Dorothea, kama alivyoniambia jana yake, angefanyiwa upasuaji wa moyo wiki hiyo. Akaanza kutafuta koti.

Hurlingham tena, mchana. Mama Dorothea alifungua mlango, akamtazama Mzee Wendell.

"Umezeeka."

"Na wewe pia."

Kabla hajaketi, Mzee Wendell alimwambia kuhusu bunduki.

"Najua," alisema Mama Dorothea. "Kila asubuhi nilifagia vipande vya sigara zako kabla wenzangu hawajaamka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kukufukuza. Nami nilitaka kulala."

Mzee Wendell akaketi, akafunika uso kwa kofia yake kwa muda mrefu. Baadaye wakaanza kubishana kuhusu bunduki. Jua lilipotua hakuna aliyekuwa amelegeza msimamo. Nikaaga.

Vihiga, wiki iliyofuata. Upasuaji ulikwenda salama. Niliwaambia wanafunzi kwamba nyumba ile haikuchomwa, na kwamba hata wenyewe hawakubaliani kwa nini. Nilichojifunza ni kwamba Dorothea alimhitaji mtu ambaye yeye mwenyewe alimkataza bunduki, na Wendell asingekuwa na cha kulinda bila maandamano aliyoyabeza.

"Kwa hivyo nani alikuwa sahihi?" msichana mmoja akauliza.

Nikasema sijui. Wakaanza kubishana upya, nami nikavuta kiti nikasikiliza.