Sisimizi Ndani ya Faili Langu

Mama na mimi sote tuna kisukari, na tuliapa pamoja kuacha vitamu. Yeye ameweza. Hukaanga visheti vya kuuza pale Ujiji, kisha hunawa mikono bila kulamba hata kidole. Kwa jinsi ninavyomstahi, niliandika hadithi yake, nikaenda kuwasomea waandishi wenzangu, naye akiwa kiti cha mbele.

"Mama ni ziwa lililotulia asubuhi," nilisoma, "nami namfuata hatua kwa hatua."

Nilipofunua ukurasa wa pili, sisimizi wakamiminika mikononi mwangu. Mama akainuka, akachungulia ndani ya faili, akatoa visheti vyake vitatu, kimoja kimeumwa.

"Endelea kusoma, baba," alisema, akivifunga kwenye pindo la kanga. "Ila hapo unaposema unanifuata, paruke."